Kitako cha hitisinki: kinyooshe, kung'aa achana nako

Wakuu, kuna huu mtindo wa kusugua kitako cha hitisinki (kile chuma kinachokaa juu ya prosesa ya kompyuta kuipoza) mpaka mtu anajiona sura, halafu anapiga picha anaposti. Kinapendeza kweli, sibishi, ila kung'aa hakupozi prosesa. Kinachopoza ni kitako kuwa bapa, kikalala sawasawa juu ya prosesa.

Iko hivi, vyuma viwili hata ukivibana vipi vinagusana sehemu chache tu, kwingine kote kunabaki hewa, na hewa inapitisha joto vibaya mno, kama wati 0.026 kwa mita kwa kelvini wakati shaba iko karibu 400. Pesti nyingi za madukani, ule uji unaopakwa kati ya kitako na prosesa, hazifiki hata 10, kwa hiyo pesti ni ya kuziba vishimo tu, ukiitandika kama godoro yenyewe ndo inageuka kizuizi. Ile mikwaruzo midogo ya mashine pesti inaijaza bila shida yoyote. Ugonjwa ni bonde katikati ya kitako, maana pale pesti inakaa nene juu ya sehemu yenye moto kuliko zote.

Kabla hujanunua msasa, pima. Futa pesti ya zamani, chukua rula ya chuma, isimamishe kwa ubavu juu ya kitako, elekeza dirishani, chungulia chini yake, kisha geuza upime na kona kwa kona. Mwanga ukipita katikati, kuna bonde. Ukipita pembeni, katikati kumeinuka, hapo tulia kwanza, viwanda vingine vinainua kidogo makusudi ili kikibanwa kigandamize pale katikati. Haupiti popote? Paka pesti mpya, funga, endelea na kazi zako.

Usisugue hitisinki za laptop, zile shaba ni nyembamba, wala zile ambazo mabomba ya kubebea joto yenyewe ndo yanagusa prosesa. Ukitoboa bomba, kimiminika cha ndani kinatoka na hiyo ndo imekufa.

Haya, umeona bonde. Tafuta kipande cha kioo kinene, kwa Dodoma ya sasa hivi inavyojengwa hukosi fundi wa madirisha mtaani kwako, muombe kipande kilichobaki, kingo azilainishe zisikukate. Nenda duka la rangi za magari chukua msasa wa maji namba 400, 600 na 1000. Toa feni kwenye hitisinki. Bandika msasa juu ya kioo, lowesha na maji yenye tone la sabuni, chora mistari ya maka pen kitako kizima, halafu sugua taratibu ukiwa umeshika chini karibu na kitako, maana ukishika juu kinayumba na kingo zinaisha kabla ya katikati. Usikandamize. Kila baada ya kusugua kidogo zungusha robo. Wino uliobaki ndo bonde lenyewe, na ukiisha wote hiyo 400 imemaliza kazi, pita 600, malizia 1000, acha. Dawa ya kung'arishia ya gereji usiipake, inaacha mafuta kwenye mikwaruzo.

Osha vizuri sana, unga wa shaba ukidondokea kwenye bodi unapiga shoti. Kausha kabisa, futa na spiriti, ila dondosha kwanza tone kwenye kioo ikauke, ikiacha alama ya mafuta hiyo haifai, zingine zimetiwa mafuta kwa ajili ya ngozi. Pesti tone dogo katikati, skrubu kaza kidogo kidogo kwa msalaba.

Upande wa mapezi, yale mabati membamba ya hitisinki yanayopitiwa na hewa, wanaouliza kama nyeusi inapoza zaidi: kama haina feni, ndiyo. Aluminiamu inayong'aa inatoa joto kwa mionzi kidogo sana, iliyotiwa weusi wa kiwandani inatoa mara nyingi zaidi. Yenye feni, rangi ni urembo tu, hewa ndo inafanya kazi. Na usipake rangi ya mafuta ya geti, tafadhali. Sisi huku shida ya mapezi ni vumbi, hasa miezi ya upepo, kompyuta ya steshenari iliyokaa karibu na mlango inafunga blanketi kabisa kati ya mapezi na feni. Zuia feni kwa kidole isizunguke, puliza kwa bulowa, sugua kwa brashi. Tena huu mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kama asilimia 10 kuliko Dar, yaani feni ileile inasukuma hewa pungufu.

Kupima matokeo, usilinganishe joto la saa nane mchana na la usiku wa Julai halafu uje useme msasa umeshusha nyuzi 15. Pima joto la chumba, toa kwenye joto la prosesa ikiwa imebebeshwa kazi ileile kwa muda uleule, linganisha hiyo tofauti kabla na baada. Kama kitako kilikuwa kibovu utaona nyuzi chache zimeshuka. Kama hakijashuka kitu, angalia klipu za kubania kabla hujalaumu msasa, kwenye hizi mashine za mtumba mara nyingi utakuta moja imekatika.