Ununue waranti ya nyongeza ya laptopu au uache? Hesabu ya fundi wa Mtwara

Malipo ya korosho yakianza kutoka, simu yangu haipoi. Mzazi ameshalipwa, mtoto anakwenda chuo, laptopu imeshachaguliwa, kisha muuzaji anatupia la mwisho: "Ongeza laki mbili na nusu tu, waranti yako inakuwa ya miaka mitatu badala ya mmoja." Mzazi anatoka nje ya duka, ananipigia. "Fundi, nilipe au niache?"

Swali hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu laki mbili na nusu ni ada ya mtu, ni dawa ya kupulizia mikorosho. Nimeandika hapa namna ninavyolipima, hatua kwa hatua, ili hata nisipopatikana kwenye simu uweze kuamua mwenyewe hapo hapo dukani.

Hatua ya 1: Uliza waranti hiyo ni ya nani

Kuna tatu, na hazifanani. Kuna ya mtengenezaji mwenyewe, yaani HP, Dell, Lenovo na wenzao. Kuna ya duka. Na kuna ile ambayo kwa kweli ni bima, inalipwa na kampuni ya bima.

Ya mtengenezaji inaifuata laptopu kwa namba yake, hata duka lihame. Ya duka inaishi kadiri duka linavyoishi, na sote tunajua maduka mangapi ya vifaa vya umeme yamefunguliwa na kufungwa hapa mjini. Ikiwa ni bima, hakikisha aliyeitoa amesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Faida yake ni kwamba ukizungushwa kwenye malipo, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima wa kumpelekea malalamiko.

Muuzaji akishindwa kukuambia ni ipi kati ya hizo tatu, usilipe siku hiyo.

Hatua ya 2: Angalia waranti uliyonayo tayari

Geuza laptopu, tafuta stika yenye namba ya siriali, kisha kwa simu yako ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, sehemu ya kuangalia waranti. Andika namba. Utaona waranti ilianza lini na inaisha lini. Fanya hivyo kabla hujatoa hela. Laptopu inaweza kuwa mpya kabisa, nailoni haijatolewa, lakini waranti yake imeshaanza kuhesabiwa miezi kadhaa iliyopita tangu ilipouzwa nchi nyingine. Nyingine inakubaliwa kutengenezwa katika nchi au eneo ilikouzwa mwanzo tu. Ukikuta hivyo, mwonyeshe muuzaji na bei ishuke. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na FCC, yaani Tume ya Ushindani, wapo kwa ajili hiyo.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: watengenezaji wengi wakubwa hukubali kuuza nyongeza hata baadaye, mradi waranti ya mwanzo haijaisha. Kwa hiyo ile haraka ya "leo leo" mara nyingi ni ya muuzaji. Una miezi ya kuitumia mashine na kuijua tabia yake.

Kwa laptopu zilizotumika, zile zinazoshushwa kwa makontena, hatua zinazofuata usijisumbue nazo sana. Omba miezi mitatu ya duka kwa maandishi, ibane kwa kazi nzito wiki mbili za kwanza, basi.

Hatua ya 3: Soma orodha ya visivyohusika

Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko kwingine kote.

Waranti ya kawaida, iwe ya mwaka mmoja au mitatu, inalipa ubovu uliotoka kiwandani: bodi kuu imekufa yenyewe, kioo kimeweka mistari bila kuguswa, kibodi imegoma. Kumwagikiwa, kuanguka, umeme kupanda ghafla, wadudu, kutu na betri kuchoka kwa matumizi, vyote hivyo kwa kawaida viko nje. Sasa niangalie meza yangu. Kioo kilichopasuka kwa kukaliwa kwenye bajaji. Chai. Tundu la chaji lililolegea kwa kuvutwa waya. Chaja iliyoungua siku umeme ulipokatika na kurudi mara tatu ndani ya saa moja. Sisimizi waliojenga karibu na feni. Kwa haya yote, karatasi ya laki mbili na nusu haikusaidii kitu.

Halafu kuna chumvi. Mwalimu mmoja anayevuka na kivuko kwenda Msangamkuu kila siku alinunua waranti ya miaka mitatu. Mwaka wa pili laptopu ikazima, ikapelekwa Dar, ikarudi vilevile. Akaja nayo kwangu bado imo kwenye boksi lake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Wanasema imeingia maji. Mimi maji sijaimwagia hata tone."

Nikafungua skrubu za chini mbele yake. Kwenye pini za tundu la chaji kulikuwa na ukoko wa kijani, kama ule unaouona kwenye kichwa cha betri ya gari, na mstari mwembamba wa ukoko huohuo ukitambaa kuelekea kwenye bodi. Pembeni kuna kistika kidogo cha kupima unyevu ambacho baadhi ya laptopu huwa nacho. Huwa cheupe, chake kilikuwa chekundu. Mwalimu alisema kweli, hakumwaga maji. Ni upepo wa bahari wa kila asubuhi na kila jioni, unaingia kwenye matundu ya feni na chumvi yake, unatulia pale kwenye shaba. Na karatasi yake, ukurasa wa nne, ilikuwa imeandika kwamba kutu na unyevu havihusiki. Alisaini bila kuusoma ukurasa huo, kama ambavyo wengi wetu tunasaini.

Iliniuma sana. Pesa ile angeweka mfukoni, ingelipia kazi yote niliyomfanyia na akabaki na chenji.

Kwa hiyo ukiwa unakaa Shangani, Mikindani, Lindi mjini, Kilwa, popote unaposikia bahari, tafuta kwenye karatasi maneno "kutu" na "unyevu" kabla ya neno lolote. Karatasi nyingi ni za Kiingereza. Ipige picha, umtumie mtu unayemwamini akusomee. Wa Newala na Masasi, kwenu chumvi si tatizo, ila vumbi jekundu lipo, na feni iliyozibwa na vumbi nayo utaambiwa ni uchafu wako.

Ikiwa waranti ya nyongeza imeongezewa kinga ya ajali, yaani kuanguka na kumwagikiwa, hapo tunazungumza kitu kingine. Hiyo inagusa vifo vya kweli vya laptopu zetu. Uliza tu inalipa mara ngapi, na kila mara unachangia kiasi gani.

Hatua ya 4: Uliza itatengenezewa wapi

Ukiambiwa Dar, ujue ni zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara mjini. Uliza nani analipa kifurushi cha kwenda na cha kurudi. Uliza inachukua siku ngapi, na siku hizo zinahesabiwa kuanzia unapoituma au inapopokelewa. Mei 2024 barabara ilipokatika eneo la Somanga kwa mvua, vifurushi vililala njiani. Mwanafunzi mwenye laptopu Dar na mtihani Mtwara wiki ijayo hana laptopu, hata kama kila kitu kinalipwa. Wakisema fundi atakuja ulipo, ombeni waandike jina la mkoa kwenye karatasi: Mtwara, au Lindi. "Nchi nzima" haitoshi.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Chukua karatasi. Tuseme nyongeza ni shilingi 250,000 kwa mwaka wa pili na wa tatu. Tuseme ubovu mkubwa inaoulipia, bodi kuu, ungekugharimu 500,000. Toa kifurushi cha kwenda na kurudi, tuseme 40,000. Inabaki 460,000 ambayo waranti ingekuokolea siku hiyo.

Gawa 250,000 kwa 460,000. Unapata zaidi kidogo ya nusu. Maana yake, ili nyongeza hiyo ilipe, katika kila laptopu mbili kama yako, walau moja bodi yake ife yenyewe, bila maji, bila kuanguka, ndani ya miaka hiyo miwili. Kwa laptopu mpya za kawaida ninazozihudumia, sijawahi kuona vifo vya namna hiyo vingi kiasi hicho. Weka namba zako mwenyewe. Nyongeza ikiwa 80,000 kwa mashine ya milioni tatu, jibu linageuka kabisa.

Hatua ya 6: Angalia mfuko wako unajaa lini

Hesabu ya juu peke yake haitoshi kwa watu wa huku. Mnada wa korosho unaanza kama mwezi Oktoba, na ikifika Mei nyumba nyingi hazina laki tano ya ghafla hata ukizipindua. Laptopu haichagui mwezi wa kufa.

Kama kweli unaweza kuchukua 250,000 ile na kuiweka mahali ambapo msiba, harusi na ada havitaigusa, iweke, na usinunue waranti. Ukijijua kwamba haitafika Januari, basi kulipia waranti nzuri wakati hela ipo ni uamuzi wa busara hata kama hesabu inasema unapoteza kidogo. Wazazi kadhaa nimewashauri hivyo na sijutii.

Hatua ya 7: Nani namwambia anunue

Mwenye laptopu nyembamba zile ambazo RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, imechomelewa kwenye bodi, maana kikifa kimoja unabadilisha bodi nzima. Mwenye modeli ambayo vipuri vyake havipatikani hata Kariakoo. Ofisi yenye mashine kumi ambayo haiwezi kusimama. Na yeyote aliyepewa kinga ya ajali kwa bei ya kueleweka.

Wengine wote nawaambia wanunue begi lenye sponji, kifaa cha kuzuia umeme unaopanda, na diski ya nje ya kuhifadhia kazi zao. Hakuna waranti ya kawaida inayokurudishia tasnifu.

Hatua ya 8: Ukishanunua

Piga picha risiti ya EFD siku hiyohiyo. Karatasi yake hufifia kwa joto, na baada ya mwaka kwenye droo utakuta nyeupe tupu. Hifadhi picha hiyo pamoja na ya namba ya siriali kwenye barua pepe yako.

Mwezi wa kumi na moja tangu waranti ianze, kabla mwaka wa kwanza haujaisha, ipime mashine yote: kila kitufe, kila tundu, kamera, spika, bawaba. Kwa betri, kama unatumia Windows, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili itakayokutajia. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Mara nyingi betri ina mwaka mmoja tu hata kama laptopu ina mitatu, kwa hiyo ikiwa imeporomoka vibaya, dai sasa.

Na siku ya kuituma Dar, nakili kazi zako zote kwanza, kwa sababu wanaweza kubadilisha diski au kuifuta bila kukuuliza. Kisha irekodi video ikiwa mezani, pande zote, kioo kikionekana kizima na namba ya siriali ikisomeka, ndipo ufunge boksi.