Kabla Hujalipia Kiwanja Kigoma

Mtu akikuonyesha kiwanja Gungu au Bangwe ataanza kwa kukisifia: upepo wa ziwa, nguzo ya umeme ile pale, jirani mwalimu. Msikilize mpaka amalize, halafu muulize namba ya kiwanja na kitalu. Akijibu kwamba mpaka ni ule mchikichi wa marehemu baba, basi bado mnazungumzia shamba, na bei iwe ya shamba.

Namba ukishaipata, fundi asubiri. Nenda idara ya ardhi ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji, omba kuonyeshwa mchoro wa mipangomiji wa eneo hilo. Kila kipande pale kimepangiwa kazi yake: makazi, makazi na biashara, taasisi, eneo la wazi. Ufuatishe kwa kidole, usione haya. Eneo la wazi ndilo linalowaponza wengi, maana kwa macho ni kiwanja kizuri kuliko vyote: tambarare, hakina kisiki, watoto wamelisawazisha kwa mpira. Shemeji yangu alinunua la namna hiyo, na muhuri wa mtaa anao. Muhuri wenyewe halali kabisa, ila ulithibitisha tu kwamba fulani kamuuzia fulani mbele ya mashahidi. Pale panajengwa nini, muhuri haukusema. Msingi wake wa mawe upo hadi leo. Watoto wanaukalia wakitazama mechi.

Kama kiwanja kina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue kama hakina mkopo wa benki au zuio. Ulizia pia kodi ya pango la ardhi, kwa sababu deni la miaka kumi huuzwa pamoja na kiwanja bila kutajwa.

Saiti nenda na mpima. Bikoni, alama ya kona ya kiwanja, ni nondo iliyomiminiwa zege, ina herufi na namba. Ukiitikisa kwa mkono ikacheza, mwambie mpima aisome upya.

Sasa ziwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wauzaji wa ufukweni hupima kutoka maji yalipo siku hiyo, tena kiangazi. Waulize watu wa Kibirizi Tanganyika ilipopanda miaka hii ilifika wapi, ndipo uanze kuhesabu hatua zako.

Barabara kuu nazo zina hifadhi yake: tangu Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ukiona X nyekundu ukutani, yaani alama ya kubomolewa bila fidia, usijadili bei. X ya kijani ina habari ya fidia, lakini fidia ya kusubiri ni ya mwenye nyumba wa zamani, wewe mgeni unaifuata ya nini? Reli nayo ina eneo lake.

Fikiria pia matumizi ya baadaye. Kiwanja cha makazi hakigeuki cha biashara kwa kufungua dirisha barabarani. Anayetaka kuweka mashine ya kukamulia mawese aombe kwanza kubadilisha matumizi, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Ombi hupitia halmashauri na hutangazwa ili mwenye pingamizi aseme. Majirani watasema, kwa moshi na maji machafu yale mimi mwenyewe ningesema.

Mwisho kibali cha ujenzi, kabla ya jembe la kwanza la msingi. Peleka ushahidi wa umiliki na michoro inayoonyesha ukuta uko mita ngapi kutoka mpakani na shimo la choo linakaa wapi. Ghorofa inahitaji na michoro ya mhandisi. Nakala ya kibali mwachie fundi saiti. Mkaguzi haji siku uliyopo.