Babu Alikuwa Keya: Namna ya Kukusanya Kumbukumbu za Vita Nyumbani

Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopigana Burma (sasa Myanmar) katika Vita vya Pili vya Dunia, karibu wote wametangulia mbele ya haki. Habari zao zimebaki kwa wajane, watoto na wajukuu. Anza na mwenye umri mkubwa kuliko wote, si na msemaji hodari wa ukoo. Msemaji atakuwapo hata mwakani.

Usiulize "Babu alisimulia nini kuhusu vita?" Utajibiwa kwa sentensi mbili. Mpe shangazi nishani mkononi, kisha uliza ilikuwa ikitunzwa wapi, nani aliruhusiwa kuigusa, babu aliivaa siku gani. Halafu uliza yale aliyoyafanya bila kuyaeleza. Alikuwa akishtuka usingizini? Alikataa chakula gani? Aliwaamrisha watoto kwa maneno gani ya kambini? Wengi waliorudi hawakusimulia, kwa hiyo vita vyao vimejificha kwenye mazoea ya nyumba. Akinyamaza, hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya swali jingine. Mara nyingi neno lenyewe hukifuata kile kimya. Saa moja kwa kikao yatosha, mtu asichoke.

Simu ya kurekodia izimwe mtandao na ilazwe juu ya kanga iliyokunjwa, shubiri mbili hivi kutoka kwa anayesimulia. Ukiilaza juu ya meza tupu, kila kikombe kinachotuliwa kitasikika kama ngumi. Jioni hiyohiyo hifadhi nakala mbili mahali tofauti.

Ukiandika, chora safu tatu: kilichosemwa, aliyekisema, na yeye alikisikia kwa nani. Safu ya tatu ndiyo wengi huiruka, na hapo ndipo kazi huharibika: ndugu watatu wanakubaliana, unadhani umepata mashahidi watatu, kumbe wote walimsikia baba mdogo mmoja.

Kisha linganisha na tarehe. "Babu alipigana Burma 1942" ina kasoro: mwaka huo Keya walipigana Madagaska. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru (mnyama, si cha chuma), ilipigana Burma mwaka 1944, ikapita bonde la Kabaw na kufika Kalewa Desemba. Huenda babu alifika kote kuwili na safari mbili zimeshonwa kuwa moja. Usimsahihishe bibi mbele ya watu. Andika kauli yake kama ilivyo, na tarehe pembeni.

Utepe wa nishani nao hushuhudia. Nyekundu pana katikati, na kila upande buluu iliyokoza yenye mstari wa chungwa: hiyo ni Nyota ya Burma, nishani ya waliopigana huko. Nishani yenyewe usiisugue kwa mchanga wala dawa ya kung'arishia, maana maandishi hulika. Picha zipige skani kwa nukta 600 kwa inchi, usizipitishe kwenye laminesheni, na majina nyuma yaandikwe taratibu kwa penseli laini. Wino hupenya hadi usoni.

Kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola utawakuta waliokufa tu, hadi 31 Desemba 1947 kwa vita vya pili. Babu aliyerudi akalima na kuzeeka usimtafute humo. Ambaye hakurudi, mtafute kwa sikio la karani, aliyeandika jina kama alivyolisikia: badili L na R, ondoa H, jaribu jina la baba peke yake.