Namna ya Kuandaa Kikao cha Kumkumbuka Charlie Haden, Mpiga Besi, Kupitia Wapiga Gitaa Wake

Charlie Haden, aliyezaliwa Iowa nchini Marekani mwaka 1937 na kufariki Los Angeles tarehe 11 Julai 2014, hutajwa zaidi kwa sababu ya kundi la mwaka 1959 la Ornette Coleman, mpiga saksafoni wa jazi. Hata hivyo, anayetaka kuwakusanya watu wamkumbuke afadhali aanze na rekodi alizopiga na wapiga gitaa, kwa kuwa humo besi yake haimezwi na tarumbeta wala ngoma.

Shughulikia spika kwanza. Uzi mzito kuliko yote wa besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo. Ukiitegemea, mtakuwa mnamkumbuka mpiga gitaa peke yake. Kisha waeleze wasikilizaji kwamba nyuzi nne za besi hufuata noti zilezile za nyuzi nne nzito za gitaa, ila oktavu moja chini (noti ileile kwa sauti nzito zaidi), ndiyo maana ala hizi mbili huweza kugongana kwa urahisi zikipigwa bila kusikilizana. Haden alipiga noti chache na kuziacha zilie mpaka mwisho.

Fungua kwa albamu ya "Beyond the Missouri Sky" ya mwaka 1997, aliyoipiga na mpiga gitaa Pat Metheny na iliyowapatia tuzo ya Grammy. Pigeni "Waltz for Ruth" mara mbili, mara ya kwanza mkifuata besi tu. Ifuatie "The Precious Jewel", wimbo wa Roy Acuff, mwimbaji wa muziki wa country, na hapo ndipo pa kusimulia kwamba Haden aliimba redioni na familia yake tangu utotoni, hadi polio ilipoidhuru sauti yake akiwa na umri wa miaka 15. Fahamu pia kwamba Metheny aliongeza magitaa mengine studioni, kwa hiyo si kila sauti ilipigwa papo kwa papo.

Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya muda ipewe rekodi ya Haden na mpiga gitaa Jim Hall, iliyofanywa jukwaani Montreal mwaka 1990 na kutolewa mwaka 2014, Hall akiwa amekwisha kufariki Desemba 2013. Hapa wako wawili tu, na Hall naye alikuwa bahili wa noti. Zimeni feni ikiwezekana, na mazungumzo yasubiri.

Baada ya hapo wekeni albamu ya "Magico", iliyorekodiwa Oslo mwaka 1979 pamoja na Jan Garbarek, mpiga saksafoni, na Egberto Gismonti wa Brazili, ambaye magitaa yake yenye nyuzi zaidi ya sita hushuka hadi kwenye eneo la besi. Chagueni vipande ambavyo Gismonti anapiga gitaa, si piano.

Hotuba ziwe fupi. Kwa hadhira ya Afrika Mashariki, kisa kimoja kinastahili nafasi: mwaka 1971 Haden alikamatwa Ureno baada ya kuutoa wimbo wake "Song for Che" kwa heshima ya wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau, wakati ambapo FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam.

Malizieni na albamu ya "Rejoicing", ambamo Billy Higgins anaongeza ngoma kwa Haden na Metheny, kwani kufikia hapo masikio yatakuwa yamekwisha kuizoea besi na hayataipoteza.