Kukarabati nyaya za Toyota zilizoharibika wakati wa kufunga redio mpya

Toyota nyingi zinazoingia Tanzania na Kenya baada ya kutumika Japani huja na redio isiyokamata vituo vingi vya huku, kwa kuwa masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76 na kwa miaka mingi yaliishia 90, ilhali yetu yako kati ya 87.5 na 108. Mwenye gari hununua redio ya kioo, hukuta soketi yake haiingiliani na plagi za gari, hukata plagi hizo, kisha huunganisha waya kwa waya kwa kufuata rangi. Baada ya hapo fyuzi huungua kila ikibadilishwa, betri hukutwa imekwisha asubuhi, redio husahau vituo kila gari likizimwa, spika za nyuma hunguruma, au kiwashio cha sigara na vioo vya pembeni huacha kufanya kazi.

Ushauri wangu ni kutohangaika kutafuta kosa ndani ya lile fundo la tepu lililoko nyuma ya redio. Rudisha kwanza nyaya za gari katika hali zilivyotoka kiwandani, zipime zikiwa hazina redio yoyote, na redio mpya ifungwe mwisho kabisa. Njia hii huonekana ndefu, lakini anayejaribu kurekebisha kiungo kimoja kimoja bila kujua kipi kilikuwa sahihi huishia kuongeza viungo vingine vibovu juu ya vile vya awali.

Kabla ya kufungua dashibodi, zima gari, toa ufunguo, legeza terminali hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90, kwa sababu mfumo wa mifuko ya hewa hubaki na chaji kwa muda hata baada ya umeme kukatwa. Nyaya za mifuko hiyo kwa kawaida huwa na plagi au mrija wa rangi ya njano. Hazikatwi, haziunganishwi na wala hazipimwi kwa mita ya umeme. Kama gari bado lina redio ya ramani iliyotoka nayo Japani na ungependa kuitumia tena, fahamu kwamba baadhi ya redio hizo hujifunga zikikosa umeme, kwa kufuli la ulinzi liitwalo ERC, na kudai namba ya siri ndipo zifunguke, kwa hiyo tafuta namba hiyo kabla ya kugusa betri.

Fyuzi zikaguliwe mapema. Mfuniko wa sanduku la fyuzi huonyesha ampea za kila nafasi, na rangi za fyuzi bapa ni zilezile popote: nyekundu ni 10, buluu ni 15, njano ni 20, kijani ni 30. Ukikuta fyuzi ya kijani mahali palipoandikwa 10 au 15, mtu alichoka kubadilisha fyuzi akaamua kuweka kubwa. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya, si kulinda redio. Ikiwa kubwa kupita kiasi, waya ndio unaogeuka kuwa fyuzi. Ufuate waya huo kadiri unavyoonekana, na popote ganda lake lilipokuwa gumu, limeng'aa au limegandana na waya wa jirani, kata sehemu hiyo yote na kuweka waya mpya. Katika Toyota nyingi umeme wa kudumu wa redio hupita kwenye fyuzi ya DOME pamoja na taa ya ndani, na ule wa ACC (unaopatikana ufunguo ukigeuzwa hatua ya kwanza tu) huchangia fyuzi moja na kiwashio cha sigara, kwa hiyo vitu vilivyokufa pamoja na redio hukuonyesha pa kuanzia kabla hujafungua skrubu hata moja.

Sasa tuje kwenye rangi, ambako uharibifu mwingi huzaliwa. Redio za dukani hufuata utaratibu wao: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni ACC, nyeusi ni ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari), na kijivu ni spika ya mbele kulia. Toyota nyingi zenye plagi mbili, ya pini 10 na ya pini 6, zina utaratibu tofauti kabisa: umeme wa kudumu ni waya wa buluu wenye mstari wa njano, ACC ni kijivu, ethi ni kahawia, na umeme wa taa za dashibodi ni kijani. Katika plagi ya pini 6, nyekundu na nyeupe ni chanya na hasi za spika ya nyuma kulia, na nyeusi na njano ni za spika ya nyuma kushoto. Aliyeunganisha njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi amefunga njia zote za umeme za redio kwenye spika za nyuma. Na aliyeunganisha kijivu kwa kijivu amepeleka volti 12 moja kwa moja kwenye sehemu ya redio inayotoa sauti, na huenda sehemu hiyo imeungua bila moshi wowote kuonekana.

Kama plagi za awali zilitupwa, nunua nyingine zenye mkia wa waya kutoka kwa wauza vipuri vya mtumba. Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi hazikosekani. Kabla ya kuziunganisha, tenganisha ncha zote zisigusane, rudisha betri, kisha pima. Waya wa buluu na njano uonyeshe volti 12.4 hadi 12.7 wakati wote. Wa kijivu usionyeshe kitu gari likiwa limezimwa, na uonyeshe karibu volti 12 ufunguo ukiwa kwenye ACC. Wa kijani uamke taa ndogo zinapowashwa. Fungua tena betri, kisha hakikisha upinzani kati ya waya wa kahawia na bolti ya bodi isiyo na rangi uko karibu na sifuri. Kila jozi ya nyaya za spika ya kawaida huonyesha omu 3 hadi 4. Mita ikionyesha njia imekatika, koili imeungua au waya umekatika mlangoni. Waya wowote wa spika ukionyesha mawasiliano na bodi ya gari, tafuta shoti hiyo kwanza, kwani hasi ya spika si ethi na kuigusisha na bodi huua redio mpya. Ukishindwa kujua jozi ipi ni ya spika gani, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwa sekunde moja na usikilize mlango upi umetoa mlio.

Kwa kuunganisha, menya kila ncha milimita 8 hivi, vika mrija unaosinyaa kwa joto kabla ya kitu kingine (wengi hukumbuka wakiwa wamemaliza), kisha bana kwa kiungo cha shaba kinacholingana na unene wa waya au lehemu kwa risasi. Viungo visikae mstari mmoja. Vipishane kwa sentimita mbili ili fungu lisinenepe mahali pamoja na ncha zisifikiane. Tepu nyeusi ya bei rahisi huyeyuka gundi ndani ya gari lililoegeshwa juani, na waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu hukatika kwa mtikisiko, kwa hiyo vyote viwili viachwe.

Baada ya hapo nunua soketi ya kati, yenye upande mmoja wa Toyota na upande mwingine wa redio yako, na viungo vyovyote vinavyohitajika vifanyike juu ya meza, kwenye waya wa redio, wala si kwenye waya wa gari. Kama kuna amplifaya, umeme wake utoke moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi iliyo ndani ya sentimita 45 kutoka betrini, na waya upite kwenye tundu lenye mpira.

Mwisho, pima umeme unaovuja. Weka mita kwenye hatua ya ampea 10, kati ya terminali hasi na waya wake, funga milango, na usijaribu kuwasha gari. Baada ya nusu saa hivi isomeke chini ya miliampea 50. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Ikishuka kwa fyuzi ya redio, chomoa soketi ya kati kisha rudisha fyuzi: namba ikibaki chini, tatizo ni redio au viungo ulivyofanya mezani, na ikirudi juu huku soketi imechomolewa, bado kuna kiungo cha zamani ndani ya dashibodi hujakifikia.