Kwenda Kitulo kuona maua: malizeni malipo kabla ya kupanda mlima

Tumerudi juzi kutoka Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, watu sita kwenye gari moja kutoka Mbeya. Naandika mapema ili mwingine asipoteze asubuhi kama tulivyoipoteza sisi.

Mwezi kwanza. Maua huchanua Desemba hadi Aprili, na hiyo ndiyo miezi ya mvua. Anayetaka barabara kavu aende Julai, ila atakuta baridi kali na nyasi tupu.

Sasa malipo. Getini hawapokei fedha taslimu. Unapewa kontroo namba, yaani namba ya kulipia, unalipa kwa simu au benki, ndipo unapata kibali. Hilo nililijua, lakini nilipanda na noti mfukoni nikiamini nitaweka kwenye simu nikifika juu. Salio lilitosha watu wanne tu. Mtandao ulikuwa unakuja na kupotea, ikabidi mdogo wangu apande bodaboda kurudi kijijini kutafuta wakala mwenye floti ya kutosha. Tulikaa garini kwa muda wa saa mbili na nusu. Mama mdogo, ambaye safari ilikuwa yake, alikuwa akifuta kioo kwa kanga na kutazama ukungu ukilifunika bonde. Iliniuma sana.

Kwa hiyo wasilianeni na hifadhi siku moja kabla. Semeni mko wangapi, raia wa wapi na mnakuja na gari gani, ombeni namba, mlipe mkiwa bado Mbeya au Chimala. Ujumbe wa uthibitisho usiufute. Mtanzania abebe kitambulisho cha NIDA, maana kiwango cha mgeni ni kingine. Na orodha ifungwe usiku; shangazi akiongezeka alfajiri, hesabu yote inarudi mwanzo.

Gari nalo likaguliwe. Kutoka Chimala kupanda Matamba kuna kona 57 kwa hesabu ya wenyeji. Tuliyekodi kwake alituapia kuwa gari ni foo wili. Kwenye tope la kona moja tairi za mbele hazikuzunguka kabisa, tukashuka kusukuma. Mwambie mwenye gari aiweke foo wili ukiwa umesimama hapo hapo, kabla hujampa hela. Njia nyingine ni ya Isyonje, ukitokea barabara ya Mbeya–Tukuyu.

Huko juu ni mita 2,600 hivi, sweta na koti la mvua ni lazima. Tembeeni polepole na mwongozaji, mkiinama. Maua ya okidi mengi ni mafupi kuliko nyasi. Mama mdogo alipiga magoti mbele ya moja iliyokuwa na matone ya mvua ndani ya ua, hakutaka kuondoka. Msichimbe wala kuchuma. Viazi vyake, chikanda, vilichimbwa kwa magunia kupelekwa Zambia kuliwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya eneo hili kufanywa hifadhi mwaka 2005.

Kushuka anzeni saa nane mchana. Mvua ya alasiri ikizikuta zile kona, mtalala Matamba.