Ndugu kakamatwa na ICE (askari wa uhamiaji) Marekani? Anza hapa

Jamani kabla hamjaanza kuchangisha hela kwenye grupu la WhatsApp, tafuteni kwanza A-namba yake, ile namba ya uhamiaji inayoanza na herufi A, iko kwenye grinikadi au barua za korti. Ukiwa nayo ingia locator.ice.gov, weka na nchi aliyozaliwa, utaona yuko kituo gani. Huna? Tumia jina, ila majina yetu wanayavuruga sana, kwa hiyo Mwanaisha akikosekana jaribu Mwana Aisha, jaribu Mwanaisa, usichoke.

Halafu loya. Korti ya uhamiaji serikali haikulipii loya, mnatafuta wenyewe, na orodha ya wanaosaidia bure iko kwenye saiti ya Wizara ya Sheria, angalia ya jimbo aliloshikiliwa sio mnalokaa nyie. Mtu anayekwambia “mi najaza fomu tu” na sio loya wala hana kibali cha wizara, mkimbie.

Akipiga simu mwambie asisaini kitu ambacho loya hajakisoma, na kesi msiiongelee humo, simu zinarekodiwa. Dhamana hakimu akiikubali haishuki chini ya dola 1,500, risiti itunze.